Kikombe Kisichoonjwa

Huko Cimpunda nyumba zimeegemeana hata ukikohoa, jirani anakuambia pole. Georgette alitengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, huko tangu bwana yake afariki, na watu walimwamini kwa sababu moja: kikombe chake hakikumfikia mtu kabla yeye mwenyewe hajakionja. Ndiyo desturi ya kwetu. Karuho, ile sumu ya kificho tunayoiogopa kuliko risasi, huingia kwa kikombe. Basi mwenye nyumba hunywa kwanza, mgeni akaona, roho yake ikatulia.

Kwaresima ilipoanza, Georgette aliacha kuuza, akamwahidi Mungu kwamba kasiksi haitagusa midomo yake mpaka Pasaka.

Mchana mmoja Martine, rafiki yake wa shirika la sala, alipita akitoka sokoni, koo limekauka. Georgette akamtolea kigoda kilicholala nyuma ya mitungi tangu Jumatano ya Majivu. Martine akakishika chini ili akivute, akaruka akitikisa kidole.

"Aï! Kiti yako inauma, maman!"

"Inauma wavivu," Georgette akacheka, akamjazia kikombe cha kasiksi iliyobaki.

"Na hauonje?"

"Niko mu Kwaresima, mukwetu. Niliahidi."

"Njo vile watu wanakufaka!" Martine akatania, akanywa yote. Wapita njia waliokuwa mlangoni wakacheka pia.

Kabla jua halijatua, tumbo la Martine lilikuwa gumu kama ubao. Jasho lilimtiririka, miguu ikatetemeka. Carine, wifi yake, hakuuliza juu ya kidole.

"Alikunywa kwa nani? Nani alionja?"

Wakampeleka kwa muganga wa karuho, akamnywesha majani ya kutapisha. Alitapika mpaka akashindwa kuinua kichwa. Nje ya mlango wa Georgette watu walijaa, na wale wale waliocheka ndio walioshuhudia: "Hakuonja! Mulozi!" Georgette alijifungia ndani na rozari yake. Ahadi aliyompa Mungu ndiyo iliyokuwa ikimhukumu.

Kesho yake wakampeleka Martine kwenye kituo cha afya. Muuguzi Ghislaine aliona kidole kina nukta nyekundu, na jasho limeizunguka pale pale. Martine akakumbuka kigoda. Habari ilipomfikia, Georgette alikileta mwenyewe, kichwani, akipita katikati ya macho yote.

Ghislaine akakipindua. Chini kulikuwa na utando uliovurugika, vifuko vya mayai vyenye miiba midogo kama mbegu zinazong'ang'ania nguo, na buibui wa rangi ya udongo, tumbo duara kama haragwe. Akamgeuza kwa kijiti: chini ya tumbo alama ya rangi ya machungwa, kama pembetatu mbili zilizogusana ncha.

"Ule wa miguu mirefu, mu kona ya nyumba, muache," akasema. "Huyu njo wa kuogopa. Anajificha chini ya viti, mu viatu, mu kuni. Akikuuma, inauma kidogo, kiisha maumivu inapanda mpaka mu tumbo. Musikate, musinyonye, musitapishe mutu. Muoshe na sabuni, muweke kitambaa ya maji baridi, mukuje huku mbio."

Carine alitazama sakafu. Hakuna aliyemwambia Georgette samahani.

Martine akapona. Siku ya Pasaka Georgette alijaza kikombe, akanywa funda kubwa mbele ya watu wote, akampa rafiki yake.

"Kaa, mukwetu. Kile kigoda nilikichoma."

"Acha tu nisimame, maman." Martine alikipokea kikombe, akakitazama. "Ilikuwa buibui. Mimi najua."

"Sasa unywe."

"Bwana yangu alikataza." Akakiweka chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akaenda.

Hakuna mwingine aliyeingia. Kasiksi ikageuka siki mtungini, Georgette akaimwaga kwenye mfereji. Watoto wa jirani wakaruka mbali, maana mama zao waliwaonya wasiikanyage.