Mkono wa Ettie, Jina la Walis

Ettie Samai hakwenda kwenye karakana ya kuchapa picha pale mjini Cairns, Australia, kwa ajili ya sanaa. Alikwenda kumsindikiza kaka yake Walis, ambaye sukari ilikuwa imeanza kumla macho. Wote wawili walizaliwa kisiwani Badu, na tangu utotoni Walis ndiye aliyesifiwa kwa kuchonga. Sasa patasi ilimteleza, ikakata pasipotakiwa, naye akaitukana.

"Hebu nishikie," akamwambia dada yake siku moja. "Mistari hii tu."

Baada ya mistari yakaja mawimbi, kisha nguva mzima. Mwishowe Walis akawa wa kukaa kitini akisimulia visa vya baba yao, na Ettie ndiye anayechora, anayechonga picha kwenye lino, lile zulia gumu la sakafu, anayepaka wino kwa rola na kulaza karatasi kwenye mashine. Nakala zikikauka, Walis huelekezwa kidole mahali pa kutia sahihi.

Merv, mwenye karakana, aliyajua yote hayo. "Hadithi ni ya Walis," alisema. "Karakana gani haina mafundi?" Ettie hakubisha. Kaka ni kaka, tena mgonjwa.

Kilichomchoma ni maonyesho ya Brisbane. Mama mmoja alimuuliza Walis, "Na huyu dada yako, naye ni msanii?"

Walis akaangua kicheko. "Nani, Ettie? Huyu ni wa kunipikia chai! Na chai yenyewe majimaji."

Watu wakacheka. Ettie naye akacheka, angefanyaje?

Walis alipofariki, Ettie alimlilia kweli. Msiba ulipokwisha akachonga kazi yake mwenyewe: mama yao akipaa samaki, magamba yamemganda mikononi hadi viwikoni. Siku ya maonyesho ya karakana, Merv akaitundika ukutani, kando ya zile zenye jina la Walis. Wageni wawili, mabwana, wakasimama mbele ya picha hiyo.

"Anajitahidi," mmoja akasema. "Ila anamwiga kaka yake, na roho ya kaka yake hana."

Pearlie, binti wa Walis, akageuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Shangazi, waambie!"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba mkono ni wako! Tangu mwanzo!"

"Baba yako hayupo kunijibu. Nikisema leo, nitaonekana ninaiba kaburini."

"Merv yupo. Merv anajua."

Wote wawili wakamtazama. Merv alikuwa akichungulia ndani ya glasi yake. "Mambo unayajua, Ettie," akasema taratibu. "Kazi za marehemu ziko kwenye makumbusho. Tukianza kuvuruga sasa…" Akaenda kuwasalimu wale mabwana.

Pearlie hakunyamaza. Alikwenda Badu akayasema mbele ya ukoo mzima. Wakubwa wakamwita Ettie, naye akadhani anaitwa kupewa pole.

"Ettie," wifi yake akamwambia, mjane wa Walis, "wivu gani huo wa kumwonea maiti? Alikutoa gizani, leo unamvua nguo?"

Hakuna aliyemtetea. Hata Pearlie, mama yake alipoanza kulia, aliinamisha kichwa.

Ettie hajachonga tena. Siku hizi anafua mashuka ya zahanati ya kisiwani, na akikutana na mjane wa kaka yake kanisani, humpisha apite kwanza. Akiulizwa habari za Cairns, hujibu kwamba kuna joto.