Kwa Mishi, na Kile Kiti cha Denmaki Nilichokipaka Mafuta

Wenzangu wa ukumbi huu wa barua pepe, moyo wangu unakataa kabisa. Dada Mishi wa Mombasa, fundi viti wetu, kazikwa leo baada ya Adhuhuri. Na mimi sikwenda.

Mwanangu ana tetekuwanga. Siku ya nne hii hatujavuka mlango.

Mnaoijua fleti yangu ya Wheaton, huku Marekani, mnajua mwaka wangu wa kwanza: mume kazini, gari kazini, mimi na mtoto na dirisha. Mishi ndiye aliyekuja kunitoa. "We mwana, utaota ukungu humu! Twende karakana, boss anataka mikono."

Kwenye karakana ile ya viti, mji wa Rockville, akanifundisha kusuka vikalio kwa kamba ya karatasi.

Kulikuwa na kiti cha Denmaki, mgongo wake umezunguka mpaka ukawa mikono. Ukutani, picha ya kiti cha kale cha Kichina. "Tazama, mdogo wangu. Mdenmaki kamwona Mchina, kamvua nakshi, kabakisha mifupa."

Mteja mwenye kiti chake akabisha, "Pure Danish!" Mishi akampeleka hadi pichani, akafuatisha ule mzunguko kwa kidole. Bwana akainama kukitazama kiti chake upya. Oh my God, tulicheka!

Kiti hicho hicho nikakiharibu. Niliona mbao nyeupe, kavu, nikadhani hazikutunzwa. Nikazipaka mafuta ya nazi. Kumbe huoshwa kwa sabuni tu, zibaki nyeupe vile vile; mafuta huzitia weusi.

"Yarabi!" Mishi akamaka. "Umekipaka kama mtoto katoka kuoga!"

Boss alipofoka, Mishi akasema, "It was me." Akaondolewa kwenye kusuka, akarudishwa kupiga msasa.

Nikataka kusema ukweli, akanibana pembeni. "Nyamaza. Mimi nikifukuzwa nina gari, ntapata kwingine. Wewe utarudi kufungiwa."

Nikanyamaza. Miezi saba namwona kwenye vumbi, ananikonyeza.

Leo, saa mliyokuwa mnamzika, nimempigia boss. Kiingereza changu mnakijua. "The oil, me. Not Mishi. Me." Akanitaka nirudie, nikarudia. Kisha akasema atawaambia wote pale karakana. Kuhusu kazi yangu hakusema, nami sikuuliza. Mikono inajua kusuka sasa, Mungu hatanitupa.

Dada, radhi hii ilikuwa niiombe ukinitazama. Naiomba hapa, mbele ya watu.

Ulale kwa amani, fundi wangu. Hukukiharibu wewe.