Kikohozi cha Gredi ya Saba

Kwa siku kumi na tisa za masomo, Mbeyu Nzai alifika shuleni kabla ya kengele, akaketi kwenye dawati la tatu karibu na dirisha, na akaandikwa kwamba hayupo.

Chanzo kilikuwa jina. Alikuwa amepewa la nyanya yake, kama ilivyo desturi ya kwao Msambweni. Lakini darasani mlijaa akina Caroline na Jemima, na mwanafunzi mwenzake, Chome Mwinga, aliliona jina la kikongwe. Kila Mwalimu Husna alipoliita, Chome alipinda mgongo na kukohoa kikohozi kirefu chenye mluzi mwishoni. Wiki haikuisha, darasa zima likawa linakohoa. Mbeyu akaacha kuitika. Kisha akaacha chakula cha mchana, maana hata foleni ya chakula ilikohoa. Nyumbani alisema amechoka tu.

Mwalimu Husna hakuwa mtu mbaya, ila alifuata kanuni: asiyeitika hayupo. Alikuwa akimwomba Mbeyu afunge dirisha, kisha anamtilia alama ya utoro. Siku ya ishirini iliandikwa barua kwamba mtoto huyu asipoonekana, jina lake litafutwa na nafasi apewe mwingine. Aliyetumwa kuipeleka nyumbani ni Mbeyu mwenyewe.

Mama yake, Subira, aliisoma, akambana, yote yakatoka. Kesho yake wazazi wa pande zote mbili waliketi ofisini. Mwalimu mkuu, mtu wa ushahidi, akamtaka Chome akohoe. Chome akasitasita, kisha akakohoa mpaka kwenye mluzi.

Baba yake, Mzee Mwinga, akavua kofia.

"Rudia."

Chome akarudia, kwa sauti ndogo.

"Hicho ni kikohozi cha marehemu mama yangu," mzee akasema. "Wewe ulimjua kwa jina la Nyanya tu. Jina lake lilikuwa Mbeyu."

Kwao, mwenye jina la mama yako ni mama yako, hata akiwa na miaka kumi na miwili. Mzee akasimama mbele ya yule msichana, akainama.

"Shikamoo, mama. Mjukuu wako amekukosea."

Mbeyu alizitazama mvi zake. Tangu aache kuitika, hakuna pale shuleni aliyekuwa ameisikia sauti yake.

"Marahaba," akasema.

Asubuhi iliyofuata jina lilipoitwa, watoto arobaini walibana pumzi. Kombe, aliyekuwa na mafua ya kweli, alikimbia kwenda kukohoa nyuma ya tangi la maji.

"Nipo," Mbeyu akaitika.

Zilibaki zile siku kumi na tisa. Mwalimu mkuu alisema hazibadilishwi bila maelezo ya maandishi kuhusu sababu ya kutokuwepo. Mbeyu akaandika sentensi moja: Nilikuwa ninakoholewa.

Mwalimu Husna aliisoma mara mbili. Kisha akafungua daftari la mahudhurio, akaanza kurekebisha alama moja baada ya nyingine, bila kumtazama mtu.