Kibao cha Usikanyage Nyasi

Mama yangu alinukia majani. Alinukia majani mabichi ya alfajiri, yenye umande, aliyoyabeba kichwani kuwapelekea ng'ombe wawili ambao hawakuwahi kutoka bandani. Upande wetu wa Akheri, chini ya Mlima Meru, ardhi ilishakwisha zamani. Kila kipande kina mgomba na mbuni, kwa hiyo ng'ombe anafungiwa ndani na chakula kinamfuata. Maziwa niliyokunywa, sare zangu, madaftari ya sekondari, vyote vilipita kichwani kwa mama kwanza vikiwa majani. Ndiyo maana mtu akiniambia nyasi ni pambo la kutazamwa, namwangalia mara mbili.

Mahali pekee pasipo mgomba palikuwa kiwanja cha kijiji. Wavulana walikuwa na mpira wao upande wa juu, na sisi wasichana tulicheza rede upande wa chini, kwa mpira wa soksi uliojazwa matambara, mpaka giza litufukuze. Tulikikanyaga kiwanja kile kikawa kipara. Masika yakija, maji yalishuka kutoka mlimani yakakuta ardhi tupu, yakachimba korongo kwenye pembe ya chini, na kila mvua lilikula hatua nyingine. Udongo mweusi uliishia kwenye kijito tulichochota maji, ukatuachia maji ya rangi ya chai. Wakubwa walikumbushana kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, kisha kila mtu akarudi kwake, kwa sababu ufa wenyewe ungemeza ng'ombe pamoja na mwenye ng'ombe. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mfuko wa kijiji haukuwa na hata kidole.

Nilipokuwa darasa la nne, pesa za serikali zikaja. Nisiwe mnyimi wa shukrani, kazi ilifanyika. Mawe yalipangwa ndani ya korongo, mfereji ukachimbwa juu kugeuza maji, miti ya miringaringa ikapandwa pembeni. Mama na wenzake walichukuliwa vibarua wakapandikiza ukoka kipande kwa kipande, wameinama, mvua inawapiga mgongoni. Sisi watoto tuliwabebea vile vipande kwa karai, matope hadi magotini, tukiimba. Tulidhani tunaandaa kiwanja chetu. Kazi ilipokwisha ikaja fensi ya waya, likaja geti na kufuli, na mwisho kikaja kibao cheupe chenye maandishi mekundu: USIKANYAGE NYASI. Jirani yetu, Baba Upendo, alikisoma kwa sauti, kisha akauliza kama kuku wamesamehewa, maana wao hawajui kusoma. Watu wazima walicheka. Sisi tulisimama tumeshika waya, tunatazama ukoka tulioubeba wenyewe.

Tukahamia barabarani. Tungeenda wapi? Nyumbani kuna migomba, shambani kuna maharage. Siku moja Upendo, rafiki yangu, yuko katikati anakwepa mpira wa rede, pikipiki ikatokea konani. Dereva alimkwepa, akateleza, pikipiki ikamlalia Upendo, na ekzosi ya moto ikamkalia kwenye shavu la mguu. Harufu ile sijaisahau na sitaieleza. Dereva alilia kuliko yeye. Mama alikuwa anatoka kukata majani. Aliutupa mzigo pale pale njiani, akambeba Upendo mgongoni mpaka zahanati. Jioni ile ng'ombe walilia njaa na hakuna aliyewajali.

Kwenye mkutano wa kijiji mama alifika na mundu mkononi. Hakuja kumtisha mtu, alikuwa anatoka kazini tu, lakini nadhani ulisaidia. Mtendaji wetu alikuwa kijana mwenye adabu, alimwamkia shikamoo kabla hajaketi. Alieleza kwa upole kwamba nyasi bado changa, kwamba wakaguzi watakuja, kwamba korongo likifunguka tena hakuna pesa nyingine.

"Nyasi zikifa, Mama Naeli, nitakayeulizwa ni mimi," alisema.

"Na mtoto akifa, ataulizwa nani?"

Hata waliokuwa wanatafuna miwa waliacha. Upendo alikuwa amekaa chini, mbele ya watu, mguu wa bandeji umenyooshwa. Mtendaji alimtazama, akatazama karatasi zake, akazikunja. Halafu akauliza, "Sasa mnataka tufanyeje?" Swali hilo lingekuja kabla ya kufuli tusingefika pale, lakini alau lilikuja. Walibishana mpaka jua likapoa. Ikakubaliwa kwamba upande wa chini, penye korongo, ubaki umefungwa mpaka mizizi ishike, na upande wa juu ufunguliwe. Akina mama wangekata majani yanayorefuka chini ya miti, wapeleke kwa ng'ombe wao, na wao ndio wangeangalia kiwanja. Ufunguo ukatundikwa kwetu jikoni, na mama akabatizwa Waziri wa Nyasi, jina alilojifanya hapendi.

Geti lilifunguliwa wakati wa baridi, ukungu umekaa juu ya migomba na mlima hauonekani. Tulivua viatu bila kuambiwa. Ukoka ulikuwa baridi, unatekenya, umejaa maji, na mtu akianguka haumii, jambo ambalo hatukuwahi kulijua. Tuliangushana makusudi. Upendo alikuja akichechemea na kudai awe mrusha mpira tu, akatupiga wote.

Leo mimi ni mama. Naishi mjini, mtaa wa jirani na Daraja Mbili, na mwanangu wa miaka minne anachezea kwenye korido, katikati ya majiko ya mkaa na ndoo za maji ya moto. Mwaka huu pesa za umma zikatengeneza kipande cha kando ya mto. Taka zilizolewa, kingo zikajengwa, miti na nyasi zikapandwa, mabenchi yakawekwa. Nilifurahi kama mjinga. Tukaenda, na pale mlangoni kibao kilekile, kana kwamba wamekifuata Akheri. Mlinzi alimpulizia mwanangu filimbi kama anafukuza mbuzi. Niliwaka. Kodi nalipa kwenye kila mche wa sabuni ninaonunua, halafu eti mtoto wangu anaharibu! Nilikwenda ofisi ya mtaa naye kiunoni. Mwenyekiti akaniambia, "Dada yangu, hasira hasara." Nikamjibu kwamba hasara ni kuotesha nyasi kwa jina la watoto kisha kuwafukuza watoto. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na bahati nzuri naye ni mzazi. Alikuna kichwa, akakiri kwamba wajukuu zake nao wamefukuzwa, akasema nikaseme hayo kwenye mkutano wa Jumamosi. Nitasema. Nimeshamwambia Mama Zuhura wa chapati, naye amewaambia wateja wake wote, na mtu haachi kumsikiliza anayemkopesha chapati. Mama yangu alisimama na mundu. Mimi nitasimama na mtaa mzima.

Jumapili iliyopita nilimpeleka mwanangu Akheri. Korongo halionekani tena, mpaka uonyeshwe. Miringaringa imekuwa mikubwa, wasichana wanacheza rede kivulini, na kijito kinapita kikiwa safi. Ile fensi imebaki nguzo moja, wanatundika masweta. Mwanangu alikimbia mpaka ukingoni mwa nyasi, akasimama ghafla, ncha za viatu vyake zimegusa ukoka bila kuuvuka. Akageuka kumtafuta mlinzi.

"Mama, hapa wanaruhusu?"

Nikapiga magoti nikamvua viatu, kimoja kimoja, kisha nikavua na vyangu.