Ndege Hii, Ndege Huyu

Aibu hii nimewaficha hata wajukuu, lakini mmenichokoza wenyewe, basi sikieni. Miaka ya sabini ikielekea kwisha nilikuwa mtafiti wa ndege, kazi ambayo pale mtaani kwetu Makongeni ilionekana uvivu wenye mshahara (mtu mzima, digrii mkononi, anahesabu viota), na nilikuwa nimempenda Mwende, binti wa karani wa reli, Mzee Mutua.

Mzee aliponiuliza kazi yangu nikamjibu, "Nashughulika na ndege, Baba. Ndege zetu zinataka kuangaliwa sana." Sasa, mtu wa Mombasa angesema ndege wetu wanataka, na mambo yangeishia hapo. Mimi na sarufi yangu ya mitaa ya Eastlands nikasema zetu, mzee akasikia rubani, akanipisha kiti chake mwenyewe. Ningemsahihisha, lakini kiti kilikuwa na mto, jamani.

Kufikia Jumapili ya kujitambulisha rasmi, kanisa zima lilikuwa limeshaniombea nisianguke. Asubuhi hiyohiyo nikaletewa bundi aliyeumia bawa, hakuna wa kumwachia, na kwa akili zangu nyingi nikamtia kwenye katoni ya sabuni, nikaenda naye na kumficha nyuma ya kiti. (Ndiyo, bundi, kwa wakwe walioamini kwamba akilia nyumbani mtu atakufa. Msiniulize nilisomea wapi.)

Mama Mwende akaiona katoni, akawatangazia wageni kwamba rubani kaleta vitu vya Ulaya. Nikadai ni vyombo vya kazi tu. Mzee akasema basi ni vizuri zaidi, wageni waone vyombo vya ndege, akaifungua. Bundi akatoa kichwa, akakizungusha taratibu kama mwalimu anayeita rejista, akalia. Wageni wote wakatimka, shangazi mmoja akipitia dirishani.

Mzee hakukimbia. Alimtazama bundi, akanitazama mimi.

"Kumbe ni ndege huyu," akasema. "Si ndege hii."

"Ndiyo, Baba."

"Na ulijua nimekosea, ukanyamaza."

Kosa la bundi mzee angenisamehe. La kunyamaza hakunisamehe, na Mwende, aliyekuwa mlangoni akisikia yote, hakunisamehe pia. Niliumia, sitaki kudanganya tena.

Bundi alipona, nikamwachilia, akaenda bila kuniaga. Miaka baadaye nilipopiga hodi kwa wakwe wengine nilianza kabla hata ya salamu: ndege wenye manyoya, Baba, jamaa zao kuku.