Jembe Nililompelekea Zuhura Ruangwa

Nilikwenda Ruangwa kumrudisha mjukuu wangu Zuhura. Mikorosho yangu hapa Mtua imemezwa na majani, na yeye, binti mwenye nguvu zake, msimu wa pili huu yuko mjini anapepeta ufuta kwenye ghala la watu. Nilisema analikimbia jembe. Nimewaambia majirani wote maneno hayo, basi na haya wayasikie.

Alfajiri bodaboda ikanifikisha Nachingwea mjini, jembe nimelifunga kwenye kanga. Kondakta wa basi la Ruangwa akacheka.

"Bibi, unakwenda kulima lami?"

"Nampelekea mwenyewe. La kwako liko wapi?"

Akanipa kiti cha mbele.

Njiani nikamkumbuka bibi yangu. Mwaka nilioolewa alinishika mkono, akanionyesha mikorosho ya upande wa mtoni. "Kuanzia leo hii yako." Watu wakaja na majembe yao, akawapikia togwa, jioni shamba jeupe. Siku hizo tulinunua chumvi na sabuni, vingine vyote tulivitoa shambani.

Saa nne nilikuwa chumbani kwa Zuhura. Chumba kimoja, kitanda na jiko humohumo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekonda."

"Ndio mjini huku."

Akatoka kwenda ghalani kuulizia kazi. Mimi nikabandika kunde nilizobeba, nikaziacha zichemke polepole kama nyumbani, nikiongeza mkaa. Zilipoiva nikachemsha na maji ya kuoga.

Saa saba akarudi mikono mitupu. Walifika watu wengi, wakachukuliwa sita. Akafunua mfuko wa mkaa.

"Bibi! Umeumaliza?"

"Kunde ngumu hizi."

"Ulikuwa wa mpaka Ijumaa."

Akacheka. Kicheko kikamwishia akiwa amejifunika uso kwa mikono. Kwetu kuni tunaokota. Sikujua kwamba chungu cha kunde kinaweza kumfilisi mtu.

"Basi funga vyako twende," nikamwambia. "Jembe lako hili."

"Nikalime wapi, bibi? Nalima kwako, navuna kwako, nikitaka sabuni nikuombe. Ulisema tutagawana mikorosho ukifa. Na wewe hufi!"

"Mdomo huo!" Lakini nilicheka, na usiku sikulala vizuri.

Asubuhi nikaondoka, jembe nikaliacha nyuma ya mlango wake. Niliposhuka Mtua sikupitia nyumbani. Nilikwenda shambani, nikaichana ile kanga, nikafunga kipande kwenye kila mkorosho wa upande wa mtoni. Kisha nikamwita kaka yangu na balozi wa nyumba kumi, waone kwa macho yao kwamba ile ni ya Zuhura kuanzia siku hiyo, na mimi nikiwa mzima.

Nimezoea kusema vijana wa sasa hawataki jembe. Mimi nilipewa shamba na mtu aliye hai, na togwa akanipikia. Hilo sikuwahi kulisema.

Nimempigia simu Zuhura, Jumamosi anakuja na jembe lake. Togwa nimeshaanza kuipika. Njooni na majembe yenu.