Majivu ya Mama Mkwe

Mtambo wetu wa maji taka ulipoanza kunuka, mtaa mzima wa huku kwetu Ruhuwiko ulinigeukia mimi. Walikuwa na haki. Ni mimi niliyezunguka nyumba kwa nyumba nikiwashawishi waache vyoo vya shimo, maana mashimo yalikuwa yanavujia kwenye kisima cha bondeni na watoto hawaishi kuharisha. Mtambo wenyewe ni matangi yaliyofukiwa ardhini: pampu inasukuma hewa, vijidudu vinakula uchafu, kisha maji yanachujwa kwenye matete na kutoka meupe, tunamwagilia migomba. Sasa hata migombani kulikuwa hakukaliki, na mwenyekiti wa mtaa ameitisha kikao Jumamosi: mtambo ufungwe, turudi kwenye mashimo.

Turudi? Thubutu! Nikavaa gambuti.

Nilifungua chemba moja baada ya nyingine. Pampu inapuliza vizuri, umeme upo. Lakini kwenye tangi la kwanza koleo likatoka na tope la kijivu, zito kama saruji mbichi. Majivu! Nilicheka kwa hasira. Sisi hapa tangu tunazaliwa, choo kikinuka unakimwagia majivu ya jikoni, ndio usafi wenyewe. Ila majivu mengi yanaua vile vijidudu. Mtambo unanuka, watu wanaongeza majivu, unanuka zaidi.

Nikafuata bomba. Tope zito kuliko lote lilikuwa kwenye chemba ya nyumbani kwangu.

Na kwangu anayezoa majivu ni mama mkwe. Jamani! Kwetu mkwe hataji choo mbele ya mama mkwe. Ukibanwa unasema unakwenda nyuma ya nyumba, tena ukiangalia chini. Nikamwomba mume wangu akaseme yeye. Ghafla akakumbuka ana shughuli Bombambili. Mwanamume mzima!

Ijumaa asubuhi nikamkuta mama na ndoo yake. Nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, hayo majivu ya chooni ndiyo yanayoharibu mtambo. Naomba uache."

Akanitazama mpaka goti likaniuma. "Yaani wewe unifundishe mimi usafi wa choo?"

"Ndiyo, mama." Sikurudi nyuma.

Akaitua ndoo, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumamosi nilikwenda kikaoni na tope kwenye beseni. Nikaeleza, nikaomba muda tulizoe lote na majivu yaende shambani. Kina mama wakaanza kuguna. "Nani kamwaga? Mtaje!" Hilo nisingelisema hata kwa dawa.

Mama mkwe akasimama kule nyuma. "Nimemwaga mimi. Na ninyi mnaoguna, majivu yenu huwa mnayapeleka wapi?"

Akaninyooshea kidole.

"Basi mpeni muda."

Wakanipa. Tope tulilizoa, vijidudu vikarudi, maji yakawa meupe tena. Kisima cha bondeni watoto wanakunywa bila kuugua.

Mama majivu yake anamwagia mahindi, na chakula changu anakula. Lakini zamani aliniita mwanangu. Tangu Ijumaa ile ananiita mke wa mwanangu. Inaniuma, tena sana. Na ikibidi kesho, nitapiga goti lile lile na kusema vile vile.